Tangi tupu lina hatari kuliko tangi lililojaa

MKAZI wa Mtongwe anayeteremka ufuoni jioni kupunga upepo huona mambo mawili kwa mtazamo mmoja. Mbele yake, ng'ambo ya maji, ni Kipevu, ambapo meli za mafuta hufunga gati na kuteremsha shehena zao. Akiinua uso kuelekea magharibi, huenda akaona ndege ya abiria ikishuka polepole, magurudumu yametolewa, ikielekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi kule Port Reitz.

Jina la Mtongwe likitajwa, wengi wetu hukumbuka msiba wa feri wa Aprili 29, 1994, ambapo watu 272 waliangamia. Leo tunazungumzia jambo jingine ambalo pia limeua watu wengi majini na angani: tangi la mafuta linalolipuka. Meli ile ina matangi, na ndege ile ina matangi. Wataalamu walihangaika kwa miongo kadhaa na swali moja tu: lifanywe nini ili tangi lisilipuke?

La kustaajabisha ni kwamba meli zilipata jibu mapema. Ndege zilizokuwa zikipita juu yake zililipata takriban miaka thelathini baadaye, baada ya mamia ya watu kufa.

Ndugu wa mafuta ya taa

Mafuta yanayotumiwa na ndege kubwa za abiria huitwa Jet A-1. Jina ni geni lakini mafuta yenyewe tunayajua. Ni ndugu wa toka nitoke wa mafuta ya taa, haya haya ya koroboi na stovu. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiagiza mafuta hayo mawili kama shehena ya aina moja, kisha sehemu yake ikaenda kwa ndege na sehemu ikaenda jikoni. Kampuni ya Kenya Pipeline ina ghala la mafuta katika uwanja wa Moi, na bomba lake kuu la awali, lililoanza kazi mwaka 1978, lilisafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Mwanafunzi wa sayansi atakwambia kuwa mafuta yakiwa majimaji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa. Mvuke ukiwa haba mno, moto hauwaki. Ukiwa mwingi mno, moto hauwaki vilevile kwa kuwa hewa haitoshi. Hatari iko hapo katikati.

Kanuni za kimataifa zinataka Jet A-1 yasiweze kushika moto kabla hayajafikia joto la nyuzi 38 za Selsiasi. Petroli ni nyingine kabisa: hiyo hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hapa kwetu haijapata kuonekana. Hii ndiyo sababu petroli ikitiwa katika mafuta ya taa, hata kidogo, koroboi ya mama mboga hugeuka bomu mezani. Wanaochanganya mafuta hayo kwa tamaa ya faida wanajua wanachofanya.

Sasa mtu atasema: joto la Mombasa, hata mwezi wa Machi, ni mara chache lifike nyuzi 38 kivulini, basi ndege iko salama. Wahandisi wengi wa zamani nao walijituliza kwa hesabu kama hiyo. Tutaona ilikowafikisha.

Kabla ya kupanda angani, hebu tuingie kwanza katika karakana yoyote ya jua kali kule Likoni. Mteja anakuja na pipa lililokuwa la mafuta, anataka likatwe liwe jiko au tangi la maji. "Fundi, hili ni tupu, wewe kata tu," anasema. Na fundi, akiona kweli halina kitu, anawasha mtambo wake wa kuchomelea.

Pipa lililojaa mafuta hadi juu halina nafasi ya mvuke wala hewa. Lile "tupu" ndilo limejaa vitu hivyo viwili. Mafuta machache yaliyoganda kwenye kuta zake yanatosha kabisa kulijaza mvuke, na hewa imeshaingia kupitia mdomo wake ulioachwa wazi. Linalokosekana ni cheche tu, na fundi ndiye anayeileta. Mafundi wamekufa hivyo katika nchi nyingi duniani, wengine wakiwa na miaka ishirini kazini.

Desemba ya 1969

Wenye meli walilipia somo hilo kwa bei kubwa. Katika mwezi wa Desemba 1969, meli tatu kubwa za mafuta zililipuka katika muda usiozidi wiki tatu. Ya kwanza, Marpessa, ilizama karibu na Senegal. Ya pili, Mactra, ililipuka Desemba 29 katika Mlango wa Msumbiji, bahari hii hii yetu ukishuka kusini. Siku moja baadaye ikafuata Kong Haakon VII karibu na Liberia.

Zote tatu zilikuwa zimekwisha kuteremsha mafuta. Matangi yalikuwa matupu na yalikuwa yakioshwa kwa mabomba ya maji yenye nguvu nyingi. Wachunguzi waligundua kuwa maji yale, yakirushwa kwa kasi, huleta ukungu wenye umeme wa msuguano ndani ya tangi. Umeme ule ukitoa cheche moja penye mvuke na hewa, meli ya mamia ya mita hupasuka.

Moto ni kama chungu juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni mafuta, la pili ni hewa ya oksijeni, la tatu ni cheche. Ondoa moja na chungu kinaanguka. Wenye meli waliona kuwa cheche haiaminiki. Ukiizuia hapa itatokea pale. Mafuta nayo hayawezi kuondolewa, kwani ndiyo biashara yenyewe. Wakaamua kuondoa oksijeni.

Njia waliyoitumia ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Moshi wa tanuri za meli hauna oksijeni nyingi, kwa kuwa imekwisha kuchomwa. Basi moshi huo huoshwa kwa maji ya bahari, hupozwa, kisha husukumwa ndani ya matangi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Katika matangi ya meli kanuni inataka isizidi asilimia 8. Hapo hata ukiwasha kiberiti ndani ya tangi kitazimika. Katika miaka ya sabini shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa baharini lilianza kuulazimisha mtambo huo kwa meli kubwa za mafuta, na tangu 2016 hata meli mpya ndogo zaidi zimeingizwa katika sheria hiyo.

Kwa hiyo meli kubwa inayoonekana Kipevu ikiteremsha shehena haivuti hewa ya Mombasa ndani ya matangi yake kadiri mafuta yanavyopungua. Inavuta gesi isiyoweza kulisha moto.

Ndege zilibaki nyuma

Ndege nazo zilikuwa na maonyo yao. Desemba 8, 1963, Boeing 707 ya shirika la Pan Am ilipigwa na radi karibu na mji wa Elkton, Marekani. Mvuke katika tangi la bawa la kushoto ukalipuka na watu 81 wakafa. Matangi ya ndege hiyo yalikuwa na mchanganyiko wa mafuta ya aina mbili, moja likiwa na sehemu ya petroli ndani yake. Msomaji atakumbuka koroboi tuliyoitaja.

Baada ya hapo zilitungwa kanuni nyingi, na karibu zote zililenga figa moja: cheche. Nyaya zifunikwe vizuri. Vipande vyote vya chuma viunganishwe ili umeme usiruke. Pampu zisipate joto. Kazi ilikuwa nzuri na iliokoa wengi. Jeshi la Marekani lilikwenda mbali zaidi, likajaza sponji maalum katika matangi ya ndege zake za vita, na baadaye likatia gesi ya naitrojeni katika ndege kubwa za mizigo. Lakini abiria wa kawaida aliambiwa, kwa maneno mengine, kwamba naitrojeni ni nzito na ni ghali, na cheche zimekwisha dhibitiwa.

Mei 11, 1990, Boeing 737 ya Philippine Airlines ilikuwa ikisukumwa kutoka kituoni mjini Manila. Ilikuwa siku ya joto, kama joto letu la Pwani. Tangi la katikati, lile lililo tumboni kati ya mabawa mawili, lilikuwa na mvuke tu. Likalipuka ndege ikiwa bado ardhini, na watu wanane wakafa.

Kwa nini tangi la katikati? Katika ndege nyingi za Boeing, mitambo inayopoza hewa ya abiria imewekwa chini kabisa ya tangi hilo. Mtambo wa kupoza hutoa joto upande wake wa nyuma. Mwenye friji nyumbani aiguse mgongoni ataelewa. Ndege ikikaa uwanjani kwa muda mrefu huku mitambo ikinguruma ili abiria wasitoke jasho, joto hupanda hadi tangini. Hesabu ya "nyuzi 38 hazifiki" huishia hapo.

Julai 17, 1996, dunia nzima ilisikia. Boeing 747 ya shirika la TWA, safari nambari 800, iliondoka New York jioni kuelekea Paris. Ilikuwa imekaa uwanjani kwa zaidi ya saa mbili, mitambo ya kupoza hewa ikifanya kazi. Tangi lake la katikati, linaloweza kubeba zaidi ya lita 48,000, lilikuwa na takriban lita 190 tu chini kabisa, kwa kuwa safari haikuhitaji zaidi. Dakika kumi na mbili baada ya kupaa, tangi hilo lililipuka. Watu wote 230 walikufa.

Huko juu kuna jambo jingine linalosaidia moto. Kadiri ndege inavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na mafuta hutoa mvuke kwa urahisi zaidi. Mafuta yaliyohitaji nyuzi 38 yakiwa Mtongwe yatahitaji joto dogo zaidi yakiwa mita elfu nne juu.

Wengi waliamini kuwa ndege ile ilipigwa kombora. Wachunguzi walikusanya vipande kutoka baharini, wakaviunganisha upya kimoja kimoja ndani ya jengo kubwa, na mwezi Agosti 2000 wakatoa ripoti: ni mvuke wa tangi la katikati uliolipuka. Cheche yenyewe hawakuweza kuithibitisha. Waliona kuwa yaelekea zaidi hitilafu ya nyaya nje ya tangi ilipitisha umeme mkali katika nyaya za kipimo cha mafuta, zile zinazoingia ndani ya tangi. Ndege ilikuwa imeundwa mwaka 1971, na nyaya huzeeka kama sisi.

Hapa Mombasa kombora lilikuwa la kweli. Asubuhi ya Novemba 28, 2002, siku ile ile hoteli ya Paradise iliposhambuliwa kule Kikambala, magaidi walirusha makombora mawili kwa ndege ya Arkia ya Israeli, Boeing 757 yenye abiria 261, ilipokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi. Yote mawili yaliikosa, na ndege ikafika salama. Kule New York hakukuwa na kombora lolote, na ndege ikapasuka kwa mvuke wake yenyewe. Nadhani hilo lapaswa kutufikirisha tunapouliza adui wa abiria ni nani.

Maneno yakiwa bado yanaendelea Marekani juu ya gharama, Machi 3, 2001, Boeing 737 ya Thai Airways ililipuka ikiwa imeegeshwa Bangkok. Mfanyakazi mmoja wa ndege alikufa. Waziri Mkuu wa Thailand, aliyetarajiwa kuipanda, alikuwa hajaingia. Mambo yalikuwa yale yale: mji wa joto, mitambo ya kupoza hewa, tangi la katikati lisilo na mafuta ya maana.

Mirija kama nywele

Mwaka huo huo wa 2001, FAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege Marekani, iliamuru watengenezaji wazikague upya ndege zao na kuziba kila njia ya cheche. Kazi hiyo ilifichua mianya mingi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria, na hapo ndipo wataalamu walipokiri kuwa cheche haina mwisho. Ilibidi figa la oksijeni liguswe.

Kikwazo kilikuwa uzito. Kubeba mitungi ya naitrojeni katika kila safari ni kama kubeba abiria wasiolipa nauli. Ufumbuzi ulitoka kwa wahandisi wa FAA wenyewe, katika maabara yao ya Atlantic City. Walijiuliza: kwa nini tubebe naitrojeni ilhali asilimia 78 ya hewa tunayopita ndani yake ni naitrojeni?

Mtambo wao huchukua sehemu ndogo ya hewa iliyobanwa na injini, ukaipoza na kuisafisha, kisha ukaipitisha ndani ya maelfu ya mirija myembamba kama nywele. Kuta za mirija hiyo hupitisha oksijeni kwa urahisi kuliko naitrojeni. Oksijeni hupenya na kutupwa nje ya ndege. Inayobaki, iliyojaa naitrojeni, huelekezwa ndani ya tangi. Hakuna mtungi, na sehemu zinazosogea ni chache.

Waligundua pia kwamba kazi si ngumu kama walivyodhani wazee wao. Ndege za vita, zinazongojea risasi, huhitaji oksijeni ishuke hadi karibu asilimia 9. Kwa ndege ya abiria asilimia 12 yatosha. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo iliyoufanya mtambo uwe mwepesi kiasi cha kukubalika na wenye mashirika.

Mwezi Julai 2008, miaka kumi na miwili baada ya safari ya TWA, sheria ilitolewa Marekani. Ndege mpya za abiria zenye matangi yanayopata joto zilipewa miaka miwili, na zile za zamani zikapewa takriban miaka tisa zibadilishwe. Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014, zilitoka kiwandani zikiwa na mtambo huo tayari.

Tusidanganyane kwamba kila kitu kimekwisha. Ndege kuukuu za mizigo hazikulazimishwa kubadilishwa. Hata ndege ya abiria ambayo mtambo wake umeharibika huruhusiwa kuendelea kuruka kwa muda wenye kikomo kabla haujatengenezwa, kwa hoja kwamba kinga za cheche bado zipo. Mimi naona hoja hiyo ina mantiki, ila ningependa fundi wa uwanjani aikumbuke Manila na Bangkok anapoandika tarehe ya matengenezo.

Aidha naitrojeni haisaidii kitu bawa likichanika. Novemba 20, 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka Nairobi, kwa sababu vipande vya mbele vya mabawa, vinavyoisaidia ndege kupanda, havikuwa vimefunguliwa. Mafuta yalimwagika, moto ukaenea, na watu 59 kati ya 157 wakafa. Dhidi ya moto wa namna hiyo hakuna tangi la kulindwa. Kuna milango ya kutokea na zimamoto walio macho. Ndiyo maana mhudumu anapoonyesha milango kabla ya safari, mzazi mwenye watoto afadhali aache gazeti kidogo, hata kama ni hili.

Na siku ukiwa uwanjani Moi ukingojea ndege, mwonyeshe mtoto wako dirishani jinsi mafuta yanavyotiwa. Kabla ya bomba kufunguliwa, mfanyakazi huvuta waya kutoka kwenye gari la mafuta na kuubana kwenye chuma cha ndege. Mafuta yanapopita kwa kasi bombani husuguana na kuzaa umeme, ule ule ulioziua meli za 1969. Waya hulifanya gari na ndege kuwa kitu kimoja, umeme usipate pengo la kuruka. Hata ndani ya mafuta yenyewe hutiwa dawa kidogo ya kusaidia umeme huo utawanyike.

Yule fundi wa Likoni hana mirija ya naitrojeni wala moshi wa meli, lakini ana bomba la maji. Pipa alilopewa akate, kwanza hulisafisha kabisa kwa sabuni na maji ya moto. Kisha hulisimamisha na kulijaza maji karibu hadi pale atakapokata, likibaki wazi juu ili lipumue, mvuke na hewa vikose mahali pa kukaa. Kazi hiyo humchukua nusu saa hivi, na mteja aliye na haraka hulalamika.